Kutoka gunia la urea hadi kauri inayonasa jua

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Ukitaka kuona naitrojeni ikiuzwa kwa kilo, shuka Container Village, pembeni mwa Nakivubo, katikati ya jiji la Kampala. Maduka ya pembejeo yamebanana hapo bega kwa bega: mbegu za mahindi kwenye pakiti za rangi, pampu za mgongoni, dawa za wadudu, na magunia ya mbolea yaliyopangwa hadi darini. Kwenye gunia la urea kuna namba ambayo kila muuzaji anaijua kama jina lake: 46. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za chembe zile nyeupe, kilo 46 ni naitrojeni.

"Ssebo, ni ya mahindi?" aliniuliza muuzaji mmoja. Nilipomjibu kwamba nataka nusu kilo tu, tena si ya shamba bali ya kuandikia makala, alicheka, akachota kwa kopo na kunipimia. Wateja wa nusu kilo si wageni kwake. Ndivyo wanavyonunua wakulima wengi wadogo, na walio wengi zaidi hawanunui kabisa. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakakubaliana kwamba bara lifikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa kila hekta. Uganda iko mbali sana na kipimo hicho hadi leo. Na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea dunia nzima, safari ya kuelekea huko ilizidi kuwa ndefu.

Kinachoudhi ni kwamba naitrojeni yenyewe ni ya bure. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo. Ila atomi zake hutembea mbili mbili, zimeshikana kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mmea hauwezi kuzitenganisha. Tangu mwaka 1913, kiwanda cha kwanza kilipowashwa Oppau nchini Ujerumani, binadamu amekuwa akizitenganisha kwa njia ya Haber na Bosch: joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, shinikizo linalozidi la hewa ya kawaida zaidi ya mara 100, kichocheo cha chuma, na haidrojeni ambayo mara nyingi hutolewa kwenye gesi asilia. Hutoka amonia, na kutokana na amonia hutengenezwa urea. Kisha urea hupanda meli, huteremka Mombasa, hupanda lori, hupita Malaba, na kuishia kwenye kopo la muuzaji wa Container Village.

Nimeanzia kwenye gunia hilo kwa sababu amonia hiyo hiyo, ikipitishwa juu ya unga wa kauri ndani ya tanuri kali, hufanya jambo ambalo wanasayansi wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 20. Hutokea kauri za aina mpya zinazoitwa oksinaitraidi. Zina uwezo wa kunasa mwanga wa jua na kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na baadhi yake husaidia kutengeneza amonia yenyewe. Zaidi ya hapo, madini mengi yanayohitajika kuzitengeneza yamo katika ardhi ya nchi za Jumuiya yetu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikalamu haya.

Mweupe, wa njano, mwekundu

Kauri si neno la maabara. Kigae cha Kajjansi, pale barabara ya Entebbe ambapo Uganda Clays imekuwa ikichoma udongo tangu 1950, ni kauri. Sufuria ya udongo ni kauri. Kikombe cha chai ni kauri. Ukivitazama kwa jicho la kemia, vyote ni metali au silikoni iliyoshikamana na oksijeni, ikachomwa mpaka ikakaza.

Sasa fikiria taksi ya Kampala yenye viti 14, imejaa abiria, wote wa ukoo wa oksijeni. Njiani kondakta anateremsha wachache na kupandisha wa ukoo wa naitrojeni. Gari ni lile lile na viti ni vile vile, lakini mazungumzo ndani yamebadilika. Hiyo ndiyo oksinaitraidi: kauri ambayo sehemu ya oksijeni yake imewapisha naitrojeni. Hesabu ya abiria haiendi moja kwa moja, kwa kuwa naitrojeni hudai elektroni tatu pale oksijeni inapodai mbili. Kwa hiyo naitrojeni mbili huingia pahali pa oksijeni tatu, na viti vingine hubaki wazi. Makondakta wetu wasingekubali.

Upandishaji huo hufanywa kwa kuweka unga wa oksaidi ndani ya bomba linalostahimili joto, kulipasha hadi nyuzi 800 au 1,000, na kuruhusu amonia ipite juu yake kwa saa nyingi. Upande wa pili hutoka mvuke wa maji, kwa sababu haidrojeni ya amonia huondoka na oksijeni ya kauri. Mabadiliko yake yanaonekana kwa macho. Oksaidi ya tantalamu ni nyeupe kama unga wa muhogo. Naitrojeni ikiingia kiasi, unga huwa wa njano yenye ukijani. Ikiendelea mpaka oksijeni imetoka yote, unga huwa mwekundu wa matofali.

Rangi hiyo ndiyo habari yenyewe. Kitu cheupe kinarudisha mwanga wote unaoonekana, hakili chochote. Cha njano kinakula mwanga wa buluu. Chekundu kinakula wa buluu na wa kijani pia. Oksijeni huzishika elektroni zake kwa nguvu, hivyo mwanga dhaifu hauwezi kuzing'oa. Naitrojeni huzishika kwa ulegevu kidogo, na mwanga wa kawaida wa jua unatosha kuzirusha. Elektroni iliyorushwa ndiyo inayofanya kazi.

Wajerumani wawili wa Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart, Martin Jansen na H. P. Letschert, walionyesha mwaka 2000 kwamba kwa kupima tu oksijeni na naitrojeni katika kauri zenye kalsiamu, lanthanamu na tantalamu, mtu anaweza kupata rangi zote kuanzia njano hadi nyekundu, bila ya kadimiamu, ile metali yenye sumu iliyokuwa ikitumika kwenye rangi za aina hiyo. Na huenda msomaji anayo kauri ya ukoo huu nyumbani bila kujua: baadhi ya skrini bapa za televisheni hupata kijani chake kutokana na oksinaitraidi ya silikoni na alumini iliyotiwa chembe za yuropiamu, kazi iliyochapishwa Japani mwaka 2005.

Kupasua maji kwa jua

Mbio za kutafuta haidrojeni kwa mwanga zilianzia Tokyo. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba oksaidi ya titaniamu ikiwa ndani ya maji, ikapigwa na mwanga, huyapasua maji hayo. Ulimwengu ulisisimka, hasa mwaka uliofuata bei ya mafuta iliporuka. Kisha ikaonekana kasoro. Titaniamu oksaidi ni nyeupe. Inakula mwanga wa urujuanimno tu, ule usioonekana kwa macho, na huo haufiki hata asilimia 5 ya nishati ya jua inayotufikia. Mwanga uliobaki unarudishwa ulikotoka.

Ndipo naitrojeni ilipoitwa. Mwaka 2001 watafiti wa maabara ya Toyota walieleza jinsi titaniamu oksaidi iliyotiwa naitrojeni kidogo inavyogeuka njano na kuanza kufanya kazi kwa mwanga unaoonekana. Mwaka 2002 kundi la Kazunari Domen, Tokyo, likaonyesha kwamba oksinaitraidi ya tantalamu inaweza kutoa oksijeni kwenye maji kwa mwanga huo. Mwaka 2006, kundi hilo hilo, akiwemo Kazuhiko Maeda, likatoa kauri ya galiamu, zinki, naitrojeni na oksijeni iliyopasua maji kikamilifu, haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, kwa mwanga unaoonekana. Hapakuwa na umeme wala waya, ila unga wa njano ndani ya maji, na viputo.

Hata hivyo kuna ubaya wake, na sitaki msomaji apite bila kuujua. Kupasua maji ni kazi kali, na kauri yenyewe iko ndani ya ukali huo. Nguvu inayotakiwa kuitoa oksijeni kwenye maji inaweza pia kuitoa naitrojeni kwenye kauri. Unga unajila wenyewe. Naitrojeni iliyopandishwa kwa taabu kwenye tanuri inateremka kimya kimya kama gesi, na rangi inafifia. Dawa iliyopatikana ni kuipaka kauri chembe za kichocheo kingine, kwa mfano oksaidi ya kobalti, ili zibebe zile nguvu haraka kabla hazijaleta madhara. Kobalti nayo, kama tujuavyo, hutoka zaidi Kongo. Mtu akiifuatilia sayansi hii hatua kwa hatua, haachi kukanyaga ardhi yetu.

Kuhusu ufanisi, tuwe wakweli. Mtambo mkubwa unaojulikana zaidi wa aina hii ni ule wa Chuo Kikuu cha Tokyo na washirika wake, wenye eneo la mita za mraba 100, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Ulifanya kazi nje, juani, kwa miezi kadhaa, na ufanisi wake wa juu ulikuwa asilimia 0.76. Nao ulitumia oksaidi ya kawaida, kwa sababu oksinaitraidi bado hazijakomaa kiasi hicho. Paneli ya sola inayouzwa dukani hapa Kampala hugeuza karibu asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme. Kwa hiyo atakayekuja kukuahidi kwamba mwakani utapika matooke kwa haidrojeni ya unga wa njano, mkaribishe chai na umsindikize mlangoni.

Ila nakumbuka jambo moja. Tarehe 25 Aprili 1954 maabara ya Bell kule Marekani ilionyesha hadharani seli yake ya sola ya silikoni. Ufanisi wake ulikuwa karibu asilimia 6, na bei yake ilikuwa ya kuchekesha. Siku nne baadaye, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls hapa Jinja, na mtu yeyote mwenye akili timamu angesema umeme wa Uganda ni maji, si jua. Leo sola iko juu ya mapaa ya nyasi Karamoja.

Kauri inayotoa na kupokea

Kwa maoni yangu, ahadi iliyo karibu zaidi na sisi si ya haidrojeni. Ni ya mbolea.

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Katika njia ya Haber na Bosch, kichocheo cha chuma huipokea naitrojeni ya hewa juu ya uso wake na kuipasua, na ni hatua hiyo inayodai joto na shinikizo kubwa. Mwaka 2019 watafiti wa Tokyo, kundi la Masaaki Kitano na Hideo Hosono, walieleza kauri ya bariamu na siriamu ambayo ndani yake oksijeni imekaa pamoja na naitrojeni na haidrojeni. Kauri hiyo hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Naitrojeni yake yenyewe ndiyo inayotoka na kuwa amonia, ikaacha kiti wazi, na naitrojeni ya hewa inakuja kukikalia. Inatoa na kupokea kama benki ya akina mama kijijini. Matokeo yake ni kwamba amonia hupatikana kwa joto na shinikizo la chini kuliko lile la viwanda vikubwa.

Kwa nini hilo liwe na maana hapa? Kwa sababu kiwanda kinachohitaji shinikizo kubwa lazima kiwe kikubwa ili kilipe, na kiwanda kikubwa hujengwa penye gesi na bandari. Kiwanda cha shinikizo dogo kinaweza kuwa kidogo, kikakaa karibu na shamba. Wazo la udogo tayari linajaribiwa katika ukanda huu. Kwenye shamba la Morendat, karibu na Naivasha nchini Kenya, kampuni ya Talus imesimamisha tangu 2023 mtambo wa kutengeneza amonia kwa sola, maji na hewa, wa kadiri ya tani moja kwa siku. Huo hautumii kauri ninazozieleza; ni njia ya zamani iliyofinywa. Uganda nayo ilitia saini mwaka huo huo wa 2023 na IPS ya mtandao wa Aga Khan pamoja na Westgass ya Norway, makubaliano ya kiwanda cha mbolea kitakachotumia megawati 100 za umeme wa Karuma. Bwawa lenyewe la Karuma, lenye megawati 600, limeshazinduliwa. Kama kiwanda kitasimama, ndani ya matumbo yake patakuwa na kichocheo, na kichocheo hicho kitakuwa kimenunuliwa kutoka kwa mtu.

Fomula inayosomeka kama ramani

Siriamu na lanthanamu ni ndugu, wote wa kundi liitwalo madini adimu, ingawa si adimu hivyo. Makuutu, kilomita 120 hivi mashariki mwa Kampala, katika wilaya za Bugweri, Bugiri na Mayuge, kuna udongo mwekundu wenye madini hayo, na leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa Januari 2024. Ngualla, mkoa wa Songwe nchini Tanzania, upo mlima wenye madini ya kundi hilo hilo. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na mgodi wa Rubaya huko Masisi, Kivu Kaskazini, peke yake hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Rwanda huiuza kwa wingi. Hapa Uganda, Idara ya Jiolojia iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1919 imeiorodhesha katika vilima vya Ankole na Kigezi, na hata Wampewo, jirani na jiji hili. Kisha kuna titaniamu, iliyochimbwa Kwale kwenye pwani ya Kenya kwa zaidi ya miaka kumi kabla mgodi haujafungwa Desemba 2024.

Moja ya kauri zilizochunguzwa sana huandikwa LaTaON2: lanthanamu, tantalamu, oksijeni, naitrojeni. Ukiisoma ukiwa Kampala, unaona Makuutu, unaona Rubaya, na mbili za mwisho unazivuta puani. Hata hivyo, kwa miaka mingi mzigo umekuwa ukitoka kama gunia la mchanga na kurudi kama simu.

Kuhusu Rubaya nina neno. Tangu mwishoni mwa Aprili 2024 mgodi huo umekuwa mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba kodi wanazotoza hapo huwaingizia karibu dola 800,000 kwa mwezi. Wachimbaji wanaoshuka mashimoni kwa mikono wamefukiwa na maporomoko zaidi ya mara moja. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022. Kwa hiyo tukizungumza habari ya kauri safi ya nishati safi, tusijifanye hatujui inaanzia wapi. Watafiti wengi duniani wanatafuta kuikimbia tantalamu kwa sababu ya bei. Sisi tuna sababu ya pili.

Habari njema ni kwamba ipo kauri nyingine ya umbo lile lile isiyo na tantalamu. Huandikwa LaTiO2N, na titaniamu imechukua nafasi. Kundi la Domen liliieleza tangu 2002. Ina wekundu wa kahawia na inakula mwanga mpaka karibu na rangi ya machungwa, zaidi ya ile ya njano ya tantalamu. Kasoro zake ni nyingi na ufanisi wake bado mdogo, lakini fomula yake ni Makuutu na Kwale, na hakuna aliyefukiwa mgodini kwa ajili ya mapato ya bunduki. Kilichoniuma ni kwamba Kwale imefungwa kabla hatujatengeneza hata kopo moja la rangi nyeupe kutokana na mchanga wake, na unga mweupe wa rangi za ukutani ni hiyo hiyo oksaidi ya titaniamu.

Tanuri za Kampala

Je, kuna anayeweza kuifanya kazi hii hapa? Jibu langu ni kwamba sehemu yake, ndiyo, na si kwa kubahatisha.

Makerere ina watu waliosomea kauri kwa kina, kwa udongo wa nyumbani. John Baptist Kirabira aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 2005 juu ya madini ya Uganda na matofali yanayostahimili moto. Peter Wilberforce Olupot alifuata mwaka 2010 na tasnifu juu ya malighafi za Uganda kwa ajili ya kauri za vihami vya umeme, vile vikombe vya nguzoni. Wote wawili walikamilisha katika Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, na udongo waliouchunguza ni kama kaolini ya Mutaka kusini magharibi na udongo wa mfinyanzi wa Mukono. Maana yake ni kwamba tabia za udongo huo kwenye moto zimeshapimwa na kuandikwa. Hatuanzi na kiganja kitupu.

Sasa shika hili. Mwaka 1979, J. G. Lee na Ivan Cutler wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba ukichanganya kaolini na kaboni, ukachoma kwa zaidi ya nyuzi 1,400 katika mkondo wa naitrojeni, hupati tofali. Unapata sialoni, oksinaitraidi ya silikoni na alumini. Ni kauri ngumu ya kutisha, hutengenezewa visu vya kukatia chuma na vifaa vinavyogusa metali iliyoyeyuka, na watafiti huitumia pia kama kitanda cha kubebea vichocheo mahali penye joto kali. Viungo vyake ni udongo, makaa na hewa iliyoondolewa oksijeni. Udongo tunao. Makaa yana ugomvi wake tangu amri ya Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini, lakini kaboni si lazima itoke mtini. Maganda ya mpunga wa Doho na Kibimba yana kaboni na silika pamoja.

Njia ya pili ni rahisi zaidi, na hapa ndipo ile nusu kilo yangu inaporudi. Mabomba ya amonia ni ghali na gesi yake ni hatari, inachoma macho na mapafu. Lakini urea ikipashwa moto huvunjika na kutoa amonia yenyewe. Maabara nyingi duniani zisizo na fedha hufanya hivi: huchanganya oksaidi ya titaniamu na urea, hufunika ndani ya chombo cha kauri, huchoma kwa nyuzi 400 au 500 kwa saa chache, na kupata unga wa njano hafifu. Si oksinaitraidi kamili. Tuseme ni mdogo wake, aliyebeba naitrojeni kiasi. Lakini anakula mwanga unaoonekana. Joto hilo hufikiwa na tanuri la kawaida la umeme. (Tafadhali, si jikoni kwako. Moshi wake una sumu.)

Kipimo chake nacho ni rahisi. Unatia unga huo kwenye maji yenye rangi ya buluu ya methilini, unaweka juani, na unahesabu dakika mpaka buluu ifutike. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza. Na hapa Kampala swali la maji si la mtihani. Nyuma tu ya maduka ya Container Village unapita mfereji wa Nakivubo, unaobeba kila kinachomwagwa na jiji, kuanzia maji ya gereji mpaka rangi za vitambaa, hadi kinamasi na kisha Ghuba ya Murchison ndani ya Ziwa Victoria. Ghuba hiyo hiyo ndiyo yenye mitambo ya Ggaba inayolinywesha jiji. Unga wa njano hautausafisha mfereji wa Nakivubo, uchafu ule ni mwingi mno na mwanga haupiti kwenye tope. Lakini maji ya kiwanda kidogo cha kutia rangi nguo, yaliyochujwa kwanza, yakatandazwa kwenye sinia juani kabla ya kumwagwa, hilo ni jambo la kujaribiwa, na jua la ikweta tunalo mwaka mzima.

Kinachokosekana kinajulikana. Mashine ya miale ya eksi ya kutambua mpangilio wa atomi, ambayo ikiharibika fundi wake hupanda ndege. Mitungi ya gesi safi. Umeme usiokatika, kwa sababu unga unaohitaji saa 15 za nyuzi 900 ukizimikiwa saa ya tano, umekwisha, anza upya. Na mtu wa kununua matokeo. Sheria ya madini ya Uganda ya 2022 inasisitiza kuongeza thamani ndani ya nchi, na hotuba juu ya thamani hiyo tumezisikia nyingi. Lakini kuyeyusha madini na kuyasafisha ni hatua ya kwanza tu. Kilo moja ya oksaidi safi na kilo moja ya kichocheo kinachofanya kazi hazina bei moja, na tofauti kati yake ni ujuzi wa aliyekaa mbele ya tanuri.

Ningependa kuona Makerere, Nairobi, Dar es Salaam na Goma zikigawana mzigo huu: mmoja achukue titaniamu, mwingine siriamu, mwingine udongo, wakitumia mashine moja ya miale badala ya kila nchi kusubiri ya kwake. Wanafunzi wetu hukutana Stockholm na Tokyo kabla hawajakutana Arusha.

Nilirudi Container Village juma lililofuata kuuliza bei ya gunia zima la kilo 50. Muuzaji alinikumbuka. "Ssebo wa makala," alisema, kisha akanitajia bei, akaongeza kwamba inaweza kubadilika kesho kwa sababu mzigo bado uko Mombasa. Ile nusu kilo ya kwanza nilikuwa nimeiacha mezani bila kuifunga vizuri. Imevuta unyevu na kushikana kuwa bonge moja, na nikifungua mfuko inanuka amonia kidogo.